Daftari la wodi haliandiki nauli

Tangu Juni 2025, Waziri wa Afya wa Marekani, Robert F. Kennedy Jr., alipotangaza kwamba nchi yake inaacha kuichangia Gavi, ule mfuko wa kimataifa unaozisaidia nchi zenye kipato kidogo kununua chanjo za watoto, mazungumzo ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini yameshika njia mbili, na zote mbili naona zimepotea. Wa kwanza wanalalamika: wafadhili wametutupa, basi chanjo ndiyo imekwisha. Wa pili wanashangilia: kama wenye nazo wameona haina maana, sisi tunang'ang'ania nini, fedha ziende kwenye maji na vyoo. Ukiwasikiliza vizuri, wote wanaiongelea chanjo kama zawadi. Mmoja anaililia, mwingine anaibeza.

Nitaichukua chanjo moja tu, ya rota, virusi vinavyowaharisha na kuwatapisha watoto, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Surua inaogopwa. Polio ina vilema wake ambao wazee wanawakumbuka kwa majina. Pepopunda, jina peke yake linatosha. Lakini kuharisha? Sijasikia ukoo ulioitisha kikao kwa sababu mtoto anaharisha. Hoja yangu ni hii: mzigo wa rota tumekuwa tukiupima kwa vifo na vitanda, na kwa kipimo hicho unaonekana umepungua kiasi cha kuweza kusahauliwa. Sehemu kubwa ya mzigo huo haijawahi kuingia kwenye daftari lolote. Imo kwenye nauli, kwenye siku za kibarua zilizopotea, kwenye mahindi yaliyobaki shambani, na kwenye maneno anayoambiwa mama. Mtu anayedhani ataokoa fedha kwa kuiacha chanjo hii haokoi chochote. Anaitoa bili Hazina na kuipeleka kwenye fundo la khanga ya mama wa Wanging'ombe.

Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe. Virusi vya rota vilitambuliwa mwaka 1973 huko Melbourne, Australia, na Ruth Bishop na wenzake, katika vipande vya utumbo wa watoto waliokuwa wanaharisha. Kwenye hadubini vilionekana kama gurudumu, na gurudumu kwa Kilatini ni rota. Tangu hapo imethibitika kitu ambacho kingepaswa kubadilisha mjadala wetu wote: karibu kila mtoto duniani huambukizwa rota kabla ya kutimiza miaka 5, awe wa Mwanjelwa au wa London. Chembe chache tu, kati ya 10 na 100, zinatosha kumwambukiza mtoto, wakati kinyesi cha anayeumwa kina mabilioni kwa gramu. Virusi vinakaa kwenye vitasa, kwenye midoli na kwenye mikono ya dada anayelea, na vinavumilia. Marekani yenyewe, kabla haijaanza kutumia chanjo za sasa mwaka 2006, ilikuwa ikilaza watoto kati ya 55,000 na 70,000 kila mwaka kwa ajili ya rota. Hiyo ni nchi ya mabomba ya maji ya moto, vyoo vya kuvuta na sabuni kila sinki. Waliokufa kule walikuwa 20 hadi 60 kwa mwaka, kwa sababu hospitali zilikuwa karibu. Maji safi hayakuwazuia watoto wao kuugua. Kilichowaokoa na kifo ni dripu iliyowafikia kwa wakati.

Sasa rudi huku. Sisi kuharisha tumekufunga na mvua. Mvua ikinyesha, mto ukichafuka, tunasubiri kipindupindu, na matangazo ya kuchemsha maji yanaanza. Rota haina adabu hiyo. Katika nchi nyingi za joto hupenda miezi mikavu na ya baridi, na kwetu hiyo ni Juni, Julai na Agosti, wakati Makete wanaamka wakute umande umeganda kwenye majani na Mbeya mjini watu wanatembea na makoti mchana. Hakuna tope wala mafuriko, maji ya chemchemi yanatiririka meupe, na mtoto anatapika kuanzia usiku wa manane. Ndiyo maana familia nyingi hazikisii. Na miezi hiyo ndiyo ya mavuno. Mpunga wa Mbarali unakatwa, mahindi ya Mbozi na Mufindi yanavunjwa, na mwenye kibarua anajua kwamba siku aliyoikosa sasa hairudi mpaka mwakani. Ugonjwa ambao ungemgharimu mama siku tatu za kukaa bure mwezi wa pili unamgharimu siku tatu za kulipwa mwezi wa saba. Sijaona ripoti ya wilaya yenye safu ya hasara hiyo.

Kuna kutokueleweka kwingine, na huku kuna maumivu zaidi. Rota kali humkuta mtoto mara nyingi kati ya miezi 6 na miaka 2. Angalia nini kingine kinatokea humo. Meno yanaota. Kinga aliyotoka nayo kwa mama inapungua. Ameanza uji, ameanza kutambaa, na kila kinachookoteka kinaishia mdomoni. Mambo manne yanagongana kwenye mwezi mmoja, na kati ya hayo jino ndilo linaloonekana kwa macho. Kwa hiyo jino ndilo linaloshtakiwa. "Ni meno hayo, mwache," anasema bibi, na anasema kwa upendo, maana watoto wake mwenyewe waliharisha wakati wa meno na wengi wao wakapona. Tatizo ni kwamba "mwache" ndiyo saa sita za kwanza, na kwa rota saa sita za kwanza ni mali. Kibaya zaidi ni pale wanapotajwa "meno ya plastiki", mtoto akapelekwa kwa mtu wa kumchokonoa fizi, akarudi na kidonda kinachovuja damu juu ya kuharisha kulekule. Na pale jino lisipotosha kueleza, linakuja neno kubemenda: mama ameambiwa kwamba mtoto anaharisha na kudhoofika kwa sababu yeye au mumewe hakujizuia. Nimewahi kusikia mama akihojiwa na wifi zake hivyo, mtoto akiwa mgongoni amelegea kama kitambaa kilicholowa. Nani ataandika gharama ya maneno yale, na aiandike kwa shilingi ngapi? Lakini ina matokeo yanayopimika, kwa kuwa mama mwenye aibu huchelewa kwenda zahanati.

Julai mmoja nilikaa siku mbili katika wodi ya watoto nikimsindikiza mdogo wangu na mwanawe mgonjwa, na nitasimulia sehemu moja tu. Mtoto alikuwa na miezi 9 na kilo 8. Macho yalikuwa yamezama, analia bila machozi, na muuguzi alipoivuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili ikabaki imesimama kama kanzu iliyopigwa pasi vibaya, ikarudi polepole sana. Huo ni upungufu mkali wa maji, Mpango C kama wanavyouita wenyewe. Hesabu yake ni mililita 100 kwa kila kilo: kwa yule mtoto mililita 800, yaani 240 ndani ya saa moja ya kwanza na 560 zilizobaki kwa saa tano. Kwenye karatasi ni hesabu ya darasa la tano. Kitandani, inabidi kwanza ipatikane mishipa, na mishipa ya mtoto aliyekauka inajificha. Muuguzi alijaribu mkono wa kulia, akajaribu wa kushoto, akajaribu mguu, kwa kanula ile ndogo ya njano, mpaka akaipata pembeni ya kichwa. Dakika zilizopita sikuzihesabu. Nilichohesabu ni watoto wengine waliokuwa wanamsubiri yule yule muuguzi: watano, na wawili kati yao walikuwa kitanda kimoja. Mdogo wangu aliniuliza swali moja tu usiku ule, na halikuhusu dripu. Aliuliza kama nina ya kutosha nauli ya kumtuma mtu akawaangalie watoto wawili aliowaacha nyumbani.

Hapo ndipo daftari na maisha vinapoachana. Sera yetu inasema mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bure katika vituo vya serikali, na ni sera nzuri, sina ugomvi nayo. Inafuta gharama ya kumuona daktari na ya kitanda. Haifuti bodaboda ya usiku kutoka kijijini mpaka barabara ya lami. Haifuti Noah ya kwenda mjini, chakula cha anayemlinda mgonjwa, sabuni na nepi za siku tatu, wala dawa iliyoandikwa kwenye kikaratasi kwa sababu dirishani imekwisha. Kabla ya kufika hospitali familia imeshatumia kwenye duka la dawa: dawa ya kuzuia kutapika, dawa ya minyoo, na metronidazo ile watu wanaiita Flagyl, ambayo haifanyi lolote kwa virusi. Halafu baba anayefanya kazi ya kutwa amekosa siku, shangazi ameitwa kutoka Ileje, na mbuzi ameuzwa kwa bei ya mtu mwenye shida. Mtoto anaruhusiwa siku ya tatu. Kwenye kitabu anaandikwa amepona, gharama sifuri. Ni kweli, kwa upande wa kitabu.

Upande wa huduma za afya nao una sehemu yake isiyoonekana. Mtoto mmoja wa rota anachukua kitanda kwa siku mbili au tatu, hilo linaandikwa. Lisiloandikwa ni kwamba anachukua pia macho ya muuguzi, maana dripu ya mtoto mchanga haiachwi ijiendeshe, ikizidi inaua kama ikipungua. Na rota inaambukiza wodini. Mtoto aliyekuja na nimonia siku ya Jumatatu anaweza kuanza kuharisha Alhamisi, na kitanda kilichotarajiwa kuwa wazi hakifunguki. Zahanati za pembezoni, zenye muuguzi mmoja au wawili, zinapeleka rufaa mapema kwa kuogopa, na mimi siwalaumu. Matokeo ni kwamba hospitali za rufaa zinajaa watoto ambao kinga yao ilikuwa dozi mbili za matone mdomoni, moja wiki ya 6 na nyingine wiki ya 10. Tanzania iliyaingiza matone hayo kwenye ratiba yake mwanzoni mwa 2013. Uingereza, kwa anayependa kutuhubiria kuwa sisi ni wa kuigaiga, ilianza Julai mwaka huohuo.

Sasa zipimwe hoja za upande wa pili, kwa kuwa zipo na nyingine zina uzito.

Iliyo nzito kuliko zote ni ile ya maji na vyoo. Mwenye kuitoa anasema halmashauri ina mfuko mmoja, na bomba la maji linazuia magonjwa kumi wakati chanjo inazuia mmoja. Ni kweli. Kipindupindu, taifodi, minyoo, kuhara damu, vyote vinakimbia maji safi, na mtu akiniambia nichague kati ya bomba na chanjo kwa kijiji ambacho hakina kimojawapo, nitakaa kimya kwanza. Lakini chaguo hilo halipo. Fedha za chanjo na fedha za bomba hazitoki kifungu kimoja, wala kukata moja hakuiongezi nyingine, na aliyewahi kukaa kwenye kikao cha bajeti anajua. Na kwa rota hasa, mfano wa Marekani unatosha. Maji na sabuni vinapunguza dozi na kasi, lakini havijafaulu popote kuuzuia ugonjwa huu. Ukimwambia mama wa Njombe mwenye chemchemi safi kwamba mtoto wake ameugua kwa sababu ya uchafu, umemtukana bure, na umemnyima taarifa ambayo ingemsaidia.

Ya pili ni ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na zinki. Paketi ya ORS unaikoroga kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, zinki miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14, na mama anaendelea kunyonyesha. Ni tiba rahisi, inafaa kwa kuharisha kwa kila aina, na imeokoa watoto wengi kuliko dripu zote. Hoja hii naiheshimu kiasi kwamba nasema lau tungekuwa nayo kila nyumba, nusu ya safari za usiku zingekufa. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, na maduka hayo yangeweza kuwa ghala la ORS la kila kijiji, iwapo mwenye duka angeelewa kwamba mtoto anayeharisha maji anahitaji paketi na zinki kabla ya kidonge chochote. Lakini rota ina tabia ya kutapisha. Mtoto anayetapika kila unapomnywesha anahitaji kijiko kimoja kila dakika moja au mbili, kwa saa nne, na mtu wa kukaa naye kijiko mkononi. Mtu huyo ni mama, na saa hizo nne ni za kwake. Tiba hiyo inapunguza vifo sana. Siku zinazopotea zinabaki palepale.

Ya tatu ndiyo dhaifu, na ndiyo inayosambaa zaidi kwenye simu: mbona watoto waliochanjwa bado wanaharisha? Wanaharisha kwa sababu kuharisha kuna visababishi vingi na chanjo ni ya kimoja, kama vile chandarua hakizuii mafua. Lakini nisijifiche nyuma ya jibu hilo. Ni kweli pia kwamba chanjo ya rota inafanya kazi kidogo kwetu kuliko Ulaya. Utafiti uliofanyika Malawi na Afrika Kusini, matokeo yake yakatoka mwaka 2010, ulionyesha kwamba ilizuia rota kali kwa asilimia 76.9 Afrika Kusini, na kwa majirani zetu wa ng'ambo ya mto Songwe asilimia 49.4 tu. Mtu akisoma hapo akaacha, atasema nusu ni kushindwa. Aendelee kusoma. Katika kila watoto 100 waliochanjwa, kwa mwaka, Malawi ilizuia matukio makali 6.7, na Afrika Kusini 4.2. Chanjo iliyofanya kazi kidogo iliokoa wengi zaidi, kwa sababu Malawi ugonjwa ni mwingi. Mkulima hahitaji kufafanuliwa hili: dawa inayoua nusu ya viwavi kwenye shamba lililovamiwa inaokoa magunia mengi kuliko dawa kali kwenye shamba lenye viwavi wawili. Na baadaye, Malawi ilipoingiza chanjo kwa watoto wote, vifo vya watoto wachanga vya kuharisha vilipungua kwa karibu theluthi moja katika eneo lililofuatiliwa.

Kuna hofu ya usalama, na ina historia ya kweli. Mwaka 1999 huko Marekani chanjo ya kwanza ya rota, RotaShield, iliondolewa sokoni na mtengenezaji wake, kwa sababu iliongeza hatari ya utumbo kujiingiza ndani ya utumbo, hali inayohitaji upasuaji. Kwa hiyo anayeuliza si mjinga. Jibu ni kwamba chanjo tunayoitumia ilifuatiliwa kwa hatari hiyohiyo katika nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwamo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakuona ongezeko.

Nigusie udumavu, kwa haraka, maana huwa unachomekwa kila mahali. Takwimu za afya na watu za mwaka 2022 ziliikuta Iringa na asilimia 57 ya watoto waliodumaa, Njombe na Rukwa zikiwa kwenye 50, wakati wastani wa nchi ni 30. Mikoa inayoilisha nchi ndiyo hiyo. Sisemi rota ndiyo mkosaji. Vijidudu vingine vya tumbo, na chakula cha aina moja, vina mkono mrefu zaidi humo. Lakini mtoto aliyelala siku tano bila kula, akaongezwa wiki nzima ya uji mwepesi kwa sababu "tumbo bado bovu", amepoteza kilo ambayo kwenye mikoa hii hairudi kirahisi.

Turudi kwenye fedha, maana ndiyo ilitufikisha hapa. Wanaoililia Marekani wanasahau kwamba bili hii ilikuwa inakuja hata Kennedy asingefungua mdomo. Utaratibu wa Gavi ni kwamba nchi maskini kabisa inachangia senti 20 za dola kwa dozi, na kadiri kipato chake kinavyopanda mchango unapanda, mpaka siku inajilipia yenyewe. Tanzania iliingia kwenye kundi la kipato cha kati cha chini Julai 2020, na tulisherehekea. Hatukusoma maandishi madogo. Mkutano wa Brussels wa Juni 2025 uliipatia Gavi zaidi ya dola bilioni 9 kati ya 11.9 ilizoomba kwa miaka mitano, kwa hiyo mfuko haukufa, umepungukiwa. Kinachobadilika ni kasi: tulichodhani tutakilipa taratibu huenda tukatakiwa kukilipa mapema.

Na je, ni kikubwa kiasi gani? Mwaka 2011 kampuni ya GlaxoSmithKline iliitajia Gavi dola 2.50 kwa dozi, yaani dola 5 kwa mtoto anayemaliza dozi mbili. Kuna chanjo za India, Rotavac na Rotasiil, zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, na watengenezaji wa Rotavac walikuwa wameahidi dola 1 kwa dozi. Hapo kuna mtego mdogo: hizo ni dozi tatu kwa mtoto, kwa hiyo nafasi zaidi kwenye jokofu, na huko Ludewa nafasi ya jokofu si jambo la kupitisha kwa kalamu. Bado, hata ukichukua ile ya dola 5, ni shilingi elfu kumi na kitu. Ongeza mafuta ya pikipiki ya chanjo, jokofu na mshahara wa muuguzi, itapanda. Sasa chukua nauli ya mama na mtu wa kumsindikiza kutoka Makete hadi Mbeya mjini, kwenda na kurudi. Nauli peke yake, kabla hawajanunua chai, imeshaipita bei ya chanjo. Wachumi wa wizara wanaweza kutafuta njia ya kisomi zaidi ya kulisema hilo. Mimi namwomba tu atakayeandaa hesabu za kujitegemea aweke safu ya nauli, safu ya siku za kibarua, na aulize familia kumi wodini mwezi wa saba.

Kuna jambo moja ambalo haliwangoji Washington wala Dodoma, na ni la kalenda. Watoto wanaojaza wodi Julai wengi wana miezi 6 hadi 11. Hesabu kurudi nyuma: walizaliwa kati ya Agosti na Januari. Aliyezaliwa Desemba alitakiwa kupata dozi ya kwanza mwishoni mwa Januari na ya pili Februari au mwanzoni mwa Machi. Hiyo ni katikati ya mvua zetu, barabara za Ileje na Ludewa zimekuwa tope, palizi imeshika, na mama mwenye mtoto wa wiki 10 mgongoni na jembe mkononi anaangalia kilomita za kwenda kliniki na anasema wiki ijayo. Kliniki ya mkoba, ile ya muuguzi kwenda kijijini na kopo la barafu, ndiyo ya kwanza kuahirishwa mvua ikizidi, kwa sababu pikipiki haipiti. Kwa hiyo dozi inayokosekana wodini mwezi wa saba ilikosekana njiani mwezi wa pili, na mganga mkuu wa wilaya akigawa mafuta ya pikipiki sawasawa kwa miezi yote 12, amegawa kwa haki lakini hakugawa kwa rota. Mafuta ya Agosti yanaweza kungoja. Ya Februari yatengwe kwanza, na ikibidi muuguzi apande kwa miguu na kijana wa kumbebea kopo, alipwe.